Sauti Aliyomficha Cherehani

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na kila mtu alikuwa na haraka. Chiriku, kama walivyomwita nyumbani, alivaa gauni la zambarau na kilemba cheupe, mkononi kashika cheti cha daktari. Zamu yake ilipokaribia, bwana mmoja mwenye koti akajipenyeza mbele yake kana kwamba pale pamesimama nguzo. Chiriku akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Kaka, huyu dada hukumwona, au umemwona ukaona ni mpole?"

Aliyesema alikuwa nyuma yake, mwanaume mrefu mwenye shati la mistari na sauti inayokwaruza kama gunia linaloburutwa sakafuni. Bwana wa koti akarudi nyuma akinung'unika. Chiriku akaandika kwenye simu, akamwonyesha mtetezi wake: Ahsante. Sisemi.

"Pole. Basi mimi nitasema kwa niaba yetu sote wawili. Ndiyo kazi yangu."

Kweli ndiyo. Alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na wasikilizaji walimwita Cherehani kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Walipotoka dukani alikuwa na namba ya Chiriku, na jambo moja alikuwa amelielewa vibaya: alidhani mwanamke yule hajawahi kusema tangu azaliwe.

Chiriku alikuwa mwimbaji wa soprano, ile sauti ya juu kabisa ya kike. Kazi yake ilikuwa muziki wa Ulaya wa karne zilizopita, wa makanisani na wa majumba ya wafalme, ambamo noti hukimbia kama shanga zilizokatikiwa na uzi na mwimbaji hutakiwa kuzidaka zote kwa pumzi moja. Alianzia kwaya ya shule, akaimba arusini na mazikoni, mpaka akafika kwenye kumbi kubwa. Halafu vinundu vikaota kwenye nyuzi za sauti. Daktari alivitoa na kumwamuru anyamaze hadi atakaporuhusiwa. Mchumba wake, mpiga fidla wa okestra aliyoimba nayo, hakungoja. Alianza kumsindikiza mwimbaji mwingine, kwanza jukwaani, kisha hadi nyumbani.

Cherehani akawa anapiga simu kila jioni. Yeye aliongea, Chiriku akagonga simu kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Umekula, Kimya wangu?"

Mara moja.

"Umenikumbuka?"

Mara mbili.

"Muongo. Hata ukucha wako unacheka."

Siku moja, wakinywa chai mkahawani, alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Mke wangu aliondoka kwa sababu sikuwahi kumsikiliza. Nilikuwa namtangazia, kama mpira. Wewe umenifundisha kunyamaza nikatazama." Chiriku akaushika mkono wake, na moyo ukamwuma: alijua anamdhania bubu, wala hakumsahihisha.

Baadaye daktari akamruhusu kuongea, kisha kuimba kidogo kidogo. Kiongozi wa okestra akamrudishia nafasi yake. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, akamkalia kooni.

"Mwambie mwenzio."

"Nitamwambia, dada."

"Lini? Mkishazaa?"

"Wote walionipenda waliipenda sauti kwanza. Ilipougua nikabaki mimi, na mimi hakuna aliyenitaka. Huyu kanipenda hivi nilivyo. Niache nionje kidogo."

"Onja, utakuta sufuria limetoboka."

Jumamosi moja Cherehani alikuja bila taarifa. Kwa wiki kadhaa alikuwa amejifunza lugha ya alama kwa siri, na sasa alikuwa na sentensi yake ya kwanza. Dada mtu alipofungua mlango, mgeni alisema, "Redio yenu ina sauti nzuri." Kisha akamwona Chiriku kando ya kinanda, mkono tumboni, mdomo wazi, sauti ile ikimtoka. Mikono ya Cherehani, aliyokuwa ameinua tayari, ikashuka.

"Nimekuwa nikienda shule ya viziwi," alisema taratibu, "ili vidole hivi viongee na wewe."

"Nilikuwa mgonjwa, naomba nikueleze."

"Ungenikatiza siku ile nilipokuwa nakueleza habari za mke wangu." Akageuka, akaondoka.

Jioni simu haikulia. Kesho yake Chiriku alifungua redio, akamsikia akitangaza mechi kama anayesoma taarifa ya msiba. Bao likaingia, akataja mfungaji, akanyamaza. Chiriku akachukua simu na kumtumia ujumbe wa sauti.

"Ni mimi. Mwanzo nilikatazwa kuongea, baadaye niliogopa. Mchumba wangu aliniacha koo lilipougua, nikataka kujua kama naweza kupendwa bila koo. Nilishajua, na bado nikakuficha. Hilo ndilo kosa langu. Ijumaa naimba. Tikiti yako iko mlangoni."

Ujumbe ulisikilizwa. Jibu halikuja.

Ijumaa alipanda jukwaani na gauni la hariri ya kijani, nywele zimebanwa juu. Noti za kwanza zilitoka kwa woga, kisha pumzi ikakaa mahali pake. Ile noti ya juu aliyoiogopa tangu hospitali aliiendea bila kuisukuma. Ikatoka nzito kidogo kuliko zamani, lakini safi. Ukumbi ukasimama.

Alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo mlango ulipogongwa. Cherehani aliingia, suti imembana mabega.

"Nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Sikuelewa neno hata moja."

"Ni Kitaliano."

"Na pale katikati, fidla zilipokuwa zinabembeleza, nilisinzia. Mama wa kiti cha pili akanipiga kiwiko."

Chiriku akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Wengi walishaingia chumba kile na sifa. Hakuna aliyewahi kumwambia alilala.

"Ulipoiendea ile ya juu niliona unaogopa. Nikashika kiti mpaka ulipovuka. Muziki wenyewe sijaupenda, mpenzi, nisikudanganye."

"Bado umekasirika?"

"Kidogo. Nimejaribu kuimaliza hasira nikiwa mbali, nimeshindwa."

Chiriku akajifuta macho. "Wameniomba niende nao ziara, mwaka mzima. Nimekubali."

Cherehani akatazama mikono yake. "Basi tuoane kabla hujaondoka," alisema hatimaye. "Nikikungoja, nikungoje kama mume."

"Nimekubali. Ila ukija kunisikiliza, kaa safu ya nyuma, na usikorome."

Walifunga ndoa wiki moja kabla ya safari. Wageni walimbembeleza bibi harusi aimbe japo ubeti mmoja, akakataa katakata. Siku hiyo, alisema, alitaka kula, kucheza, na kupiga soga kama watu wengine.