Mstari Alioufuta Jorinde

Jumamosi ile soko la Vismarkt lilifurika watu hadi kwenye njia za baiskeli. Upepo wa mji wa Groningen, Uholanzi, ambao hauna adabu hata mwezi wa nne, ulikuwa ukipeperusha maturubai ya vibanda na kusambaza harufu ya samaki wa kukaanga kila kona. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mmoja mwenye koti la mvua la njano na skafu ya kijani. Kwa mkono mmoja alishika usukani wa baiskeli kubwa ya mizigo, yenye sanduku la mbao mbele, na kwa mkono wa pili alishika simu aliyokuwa akiitazama kwa mara ya kumi.

Jina lake Jorinde Wiersma, miaka thelathini na minne, mkata vioo katika duka la miwani. Kwa kazi ya mikono yake alikuwa makini sana. Uvumilivu ndio uliokuwa umemwishia.

"Dada, umesimama hapo tangu nilipoanza kupanga miche. Umeajiriwa kulinda soko?"

Aligeuka. Aliyemsemesha alikuwa muuza miche ya bustani, mwanamume mrefu mwenye aproni ya bluu juu ya sweta lililotoboka kiwiko. Mikono yake ilinukia nanaa.

"Namsubiri mtu. Alisema saa nne kamili."

"Sasa ni saa tano na nusu."

"Saa ninayo, asante."

"Basi kunywa kahawa hii. Kama ni kukasirika, kasirika ukiwa na joto."

Jorinde akacheka bila kutaka. Akapokea kikombe, na kabla hajameza funda la pili simu yake ikalia. Aliusoma ujumbe kwa sauti: "Samahani, nimeshapata nyingine. Ila ukishusha bei hadi nusu, nitafikiria."

"Huyo hana haya!" alisema mwanamume yule. "Mimi naitwa Sietse. Mwambie Sietse anamtukana."

Hapo Jorinde akafunguka kama bomba. Alimweleza miezi miwili ya kuuza baiskeli ile mtandaoni. Wanaouliza "Bado ipo?" na wakijibiwa ndiyo wanapotea kama moshi. Aliyetaka picha ishirini, na baada ya picha ishirini akasema rangi haimpendezi. Aliyetaka kuibadilisha kwa mjusi wake na kabati lake la kioo. Aliyekubali bei, akafika mlangoni, akatoa nusu yake na kusema hana pesa nyingine. Sietse alicheka mpaka akaegemea meza, miche ikatikisika.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Jorinde hakulisema.

Tangazo lake la kwanza lilikuwa na mstari mmoja zaidi: "Fremu iliwahi kupasuka chini ya sanduku, ikachomelewa, fundi ameshauri isibebe mzigo mzito." Mstari huo ndio uliomletea kejeli zote. Waliita baiskeli yake chuma chakavu, wakamwambia awalipe wao waje kuichukua. Jumatano iliyopita, wakati wa mapumziko ya mchana, aliufuta. Hakupanga. Kidole kilibonyeza tu, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kioo. Kabla saa haijaisha alikuwa amepata ujumbe kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kejeli.

"Hebu nionyeshe tangazo," Sietse alisema. Alisoma, akazunguka baiskeli, akagonga sanduku. "Unajua, nina mama yangu. Miguu imemgomea, na kile kiti chake cha magurudumu hakipendi mawe ya mji huu. Anashinda dirishani anahesabu njiwa. Nikimweka humu na mto mgongoni, atakuja mpaka sokoni." Akamtazama machoni. "Haina kasoro yoyote?"

Jorinde alisikia neno *mama*. Alilisikia vizuri kabisa. Vilevile alikuwa na baridi, amechoka, na mtu huyu mwenye tabasamu la upande mmoja alikuwa mnunuzi wa kwanza aliyezungumza naye kama binadamu.

"Hapana," alisema. "Breki zinapiga kelele kidogo, basi."

Sietse hakuomba hata senti moja ipungue. Alilipa palepale, akamwongezea mche wa nanaa. "Na namba yako je? Breki zikinisumbua nimpigie nani?"

*

Breki hazikumsumbua, lakini alipiga simu jioni ileile.

"Mama amekaa humo kama malkia," alisema. "Amevaa kofia nyekundu, anapungia watu asiowajua."

"Umemwendesha polepole?"

"Mbona unauliza kama askari? Polepole, mpenzi."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita mpenzi?"

"Basi nitakuita bibi miwani. Kesho unakula wapi?"

Kesho yake walikula supu nzito ya njegere kwenye mkahawa kando ya mfereji. Wiki ya pili Jorinde alipelekwa kwa Bi Aaltje, mama yake Sietse, mzee mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, aliyefuma soksi kwa kasi ya mashine. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyenitoa dirishani," Bi Aaltje alisema, akamshika mkono na hakuuachia mpaka kahawa ikaisha.

Mapenzi yao yalikwenda mbio. Sietse alikuwa akimwachia maua kwenye kitasa cha duka, naye Jorinde alinunua gauni la kwanza katika miaka mitatu, la rangi ya zambarau, na kulivaa sokoni makusudi. Lakini kila Bi Aaltje alipoketi ndani ya sanduku na kuvuta shali yake, macho ya Jorinde yalishuka yenyewe hadi kule chini, ambako rangi nyeusi ilikuwa imepakwa juu ya chuma kilichochomelewa.

Alijaribu kusema. Mara ya kwanza alianza, "Sietse, ile baiskeli..." naye akamkatisha: "Ile baiskeli ndiyo kitu bora nilichowahi kununua, maana imekuja na wewe." Mara ya pili alipiga simu akiwa amejiandaa kabisa.

"Nina jambo nataka kukwambia."

"Zuri au baya?"

"Nimekukumbuka," alisema Jorinde.

"Hilo sasa ndilo jambo!" Sietse alicheka.

Hakukuwa na mara ya tatu.

*

Jumapili moja ya mwezi wa tano, jua likiwa limewatoa watu wote nje, Sietse aliteremka daraja akiwa amempakia mama yake. Jorinde alikuwa nyuma kwenye baiskeli yake mwenyewe. Alisikia mlio mfupi, kama tawi kavu linalokatika. Sanduku likainama mbele, gurudumu likalala, na Bi Aaltje akarushwa kwenye mawe ya barabara, kofia nyekundu ikabingirika hadi ukingo wa mfereji.

Hospitalini walisema amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, na nyama za bega zimechanika. Kwa umri wake, huenda vidole visishike tena sindano za kufumia.

Sietse aliketi kwenye korido, uso ndani ya viganja.

"Niliteremka kwa kasi," alisema. "Alikuwa anacheka, akaniambia, kaza, mwanangu. Nikakaza. Nimemvunja mama yangu kwa mikono yangu, Jorinde."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nani mwingine alikuwa anaendesha?"

Jorinde alimshika mkono. Sietse akamwambia, "Asante kwa kuwa hapa. Sijui ningefanya nini bila wewe." Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi lolote aliloandikiwa mtandaoni.

Majuma yaliyofuata alifanya kila kitu. Alipika, alimwosha Bi Aaltje nywele, alisimama kibandani wakati Sietse akimpeleka mama kliniki. Majirani wakasema Sietse ameokota dhahabu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na kadiri alivyotumika ndivyo alivyozidi kusifiwa.

Kisha akaja Renske, dada yake Sietse, muuguzi kutoka Zwolle, mwanamke asiyezunguka katika maneno. Alikuja Jumapili asubuhi na fomu za nyumba ya kulelea wazee, akaziweka mezani kati ya vikombe.

"Mama hawezi kukaa chini ya uangalizi wako," alimwambia kaka yake. "Umempakia kama gunia la viazi ukamteremsha darajani kwa mbio. Wewe huna akili ya kumlea mtu."

Jorinde alimngoja Sietse ajitetee. Hakujitetea. Alionekana mzee ghafla, shati limemlegea mabegani.

"Labda Renske anasema kweli," alisema taratibu. "Sijiamini tena. Hata kumshikia kikombe naogopa."

"Naulizwa na mimi, au nimeshakufa?" Bi Aaltje alisema kutoka kwenye kochi, mkono ukiwa ndani ya plasta.

"Mama, ni kwa usalama wako," Renske alijibu, akamsogezea kaka yake kalamu.

Sietse akaichukua.

"Usitie sahihi," Jorinde alisema.

Wote wakamgeukia.

"Haikuwa kasi. Fremu ilikuwa na ufa. Ilipasuka mwaka jana, ikachomelewa, na fundi aliniambia isibebe mzigo mzito. Niliandika hivyo kwenye tangazo, watu wakanicheka, nikafuta. Sietse aliniuliza uso kwa uso kama ina kasoro. Nikasema hapana. Alikuwa ameshaniambia ni ya kumpakia mama yake, na bado nikasema hapana."



"Ulijua," Sietse alisema. "Pale hospitali. Nilipokuwa nalia. Ulijua."

"Nilijua."

"Wiki nne, Jorinde. Wiki nne nimejiita muuaji, na wewe unanipikia supu."

"Sietse..."

"Toka. Tafadhali. Kabla sijasema neno ambalo mama hapaswi kulisikia."

Alichukua koti lake. Mlangoni alimtazama Bi Aaltje, akitafuta walau hasira usoni mwake. Mzee alikuwa akiutazama mkono wake uliofungwa, hakuinua macho.

*

Fomu hazikutiwa sahihi. Hilo Jorinde alilisikia kwa muuza samaki. Kwa Sietse mwenyewe hakusikia chochote. Alimwandikia ujumbe mmoja tu: "Sikuombi unisamehe. Nataka ujue kuwa sitasema kwamba nilighafilika. Nilichagua." Hakujibiwa.

Alienda kumwona Renske akiwa zamu, akampa jina la fundi aliyemshauri, apate ukweli wote. Akaomba mabaki ya baiskeli, akayapeleka kwa mkata vyuma na kusimama pale mpaka fremu ikatoka vipande vinne, asije mtu mwingine akaiunga na kuiuza. Hayo yote hayakumpunguzia kitu. Aliendelea kuamka na mlio wa tawi kavu masikioni. Dukani alikata vioo viwili vibaya katika juma moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Mwezi wa saba, mchana wa Jumanne, kengele ya mlango wa duka ililia. Aliyeingia alikuwa Sietse. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekuja kupimwa macho.

"Mama ameanza kufuma," alisema. "Kwa mkono wa kushoto. Soksi moja imetoka kama mfuko wa vitunguu."

Jorinde alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Nina swali moja," Sietse aliendelea. "Nimelala nalo, nimeamka nalo. Siku ile koridoni, uliponishika mkono, ulikuwa unawaza nini? Usinipe jibu zuri. Nipe lile lenyewe."

Jorinde aliweka kioo chini. Majibu mazuri yalikuwepo mengi. Angeweza kusema alikuwa akimwonea huruma, na isingekuwa uongo mtupu. Angeweza kusema alikuwa akimwombea mama.

"Nilikuwa nawaza, namshukuru Mungu hajui," alisema. "Ulikuwa unalia, na moyo wangu ulikuwa umetulia, kwa sababu ulijilaumu wewe. Hilo ndilo nililowaza."

Sietse alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Nilijiambia njiani," alisema, "akisema kwamba alikuwa akinionea huruma, nitaaga na sitarudi mtaa huu."

"Na sasa?"

"Sasa naumia zaidi kuliko nilivyokuja." Akasimama, akavuta pumzi. "Lakini angalau nipo na mtu ambaye namwona alivyo. Jumapili tunakula mchana. Renske atakuwepo, atakusema mpaka chakula kipoe. Mama naye ana maneno yake, ameyapanga tangu mwezi wa sita. Usijitetee hata kidogo."

"Sitajitetea."

"Na ukichoka kusemwa?"

"Nitakaa."

Sietse alinyoosha mkono juu ya meza ya vioo. Hakumkumbatia, hakumwita mpenzi. Alimfuta chozi kwa kidole gumba, kwa uzito, kama mtu ambaye bado hajaamua kama atasamehe, na hata hivyo amekuja.

"Saa saba," alisema. "Usichelewe."