Maziwa Hayaoshi Mapafu

Kila asubuhi kabla ya zamu, Obonyo alikunywa vikombe viwili vya maziwa. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kemikali karibu na Sosiot, kwenye mashamba ya chai. Huko, gesi iliyobaki baada ya kazi ilitolewa nje kwa bomba. Ilishuka pamoja na ukungu, ikawasha macho na koo, ikaunguza majani ya chai kando ya ua wa kiwanda.

"Maziwa inaosha kifua," wafanyakazi waliambiana. Seth, rafiki wa Obonyo, aliamini hivyo kabisa. Alizikwa mwezi wa Machi, mapafu yake yakiwa yameharibika.

Sasa Obonyo naye alikohoa. Mkewe, Celine, mama wa mtoto wao Calvince, aliogopa sana. Alimwita jirani yao Mokeira, mkemia mpya wa kiwanda.

"Dada, ongea na huyu. Mimi hanisikii."

Mokeira alitazama kikombe. "Baba Calvince, maziwa inaenda wapi?"

"Tumboni."

"Na gesi?"

Obonyo alishika kifua chake.

"Kwa hivyo Seth alikunywa bure?"

"Bure. Naumia kusema hivyo. Wewe nenda hospitali leo, upimwe."

Kisha Mokeira alieleza. "Hiyo gesi inaitwa kloridi ya hidrojeni. Inapenda maji sana. Ikipata unyevu wa koo lako, inakuwa asidi, inachoma. Afadhali tuipatie maji kabla itoke nje. Kwanza ipite kwa makaa maalum, yashike uchafu wa mafuta. Halafu iingie kwa mnara, maji ikimwagika kutoka juu. Chini tunapata asidi safi. Viwanda vya chai vinaitumia kutoa ukoko unaoganda ndani ya boila za kuchemshia maji."

"Meneja atakubali?"

"Tukienda wote, atasikia."

Walienda wote. Jentrix, mjane wa Seth, aliweka kikombe cha mumewe juu ya meza ya meneja.

"Alikunywa na hii kila siku," alisema.

Meneja alikubali, na leo mnara umejengwa. Gesi kidogo inayobaki huoshwa kwa maji ya chokaa. Kila mfanyakazi ana barakoa ya gesi, na asidi inauzwa. Majani ya chai kando ya ua hayaungui tena. Obonyo bado anakohoa kidogo, lakini anapanda mlima bila kupumzika.

Maziwa yake ya asubuhi huyapeleka kwa watoto wa Seth.

"Ni ya chai," humwambia Jentrix. "Ya chai tu."