Chokaa Katika Chupa ya Ndimu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule mimi huosha mahindi ambayo bibi ameyachemsha kwa chokaa na kuyalaza usiku kucha. Nayasugua mpaka maganda yatoke, kisha bibi huyapeleka kwenye kinu cha kusagia cha mtaani ili tupate donge la kupikia tortila, chapati zetu za mahindi. "Nawa mikono vizuri, Maricruz," huniambia kila siku, kana kwamba jana hakuniambia. "Chokaa hiyo inamenya mahindi. Ngozi yako nayo itaimenya."

Jikoni hapo ndipo nilipogundua siri yangu. Mahindi ya bluu yakichemshwa bila chokaa, maji yake huwa ya zambarau. Ukiyatilia ndimu yanageuka mekundu. Ukiyatilia chokaa yanageuka kijani. Nilimwambia mtu mmoja tu, Yaretzi, rafiki yangu tangu chekechea. Siku mbili baadaye mwalimu Eleuterio alitangaza kwamba jaribio la Yaretzi ndilo litakaloonyeshwa kwa wazazi siku ya Ijumaa.

Nilimfuata uwanjani. "Yaretzi, lile jaribio ni langu."

"Lako? Kwani mahindi yameandikwa jina lako?" Wenzake wakacheka. "Usininunie bwana. Nenda kaoshe ndoo za bibi yako."

Sikulia. Niliapa kumwaibisha mbele ya mama yake na mji mzima, na kiapo hicho kilikuwa kitamu kuliko chakula cha mchana.

Ijumaa nilifika ukumbini kabla ya wote. Mezani palikuwa na chupa mbili ndogo za plastiki nyeupe, moja ina karatasi ya NDIMU, nyingine ya CHOKAA. Nilibandua zile karatasi nikazibadilisha, kisha nikaketi mstari wa mbele. Yaretzi atasema "yatakuwa mekundu", yatageuka kijani, na ukumbi utamcheka. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Kabla hajaanza, mdogo wake wa miaka mitano, Chuy, alimjia na kikombe cha matango yaliyonyunyiziwa pilipili. "Dada, hayana ndimu."

Kwetu hakuna anayekula tango bila ndimu. Yaretzi hakufikiri hata kidogo. Alichukua chupa iliyoandikwa NDIMU, akaifungua.

Nakiri, kwa pumzi moja nilinyamaza. Nikisema, nimejiumbua. Kisha nikamwona Chuy anainua kikombe, na tayari amefungua mdomo.

"Usimwekee! Hiyo ni chokaa!"

Mwalimu Eleuterio aliichukua chupa akadondosha matone machache kwenye maji ya zambarau. Yakageuka kijani.

"Nani amebadilisha hizi karatasi?"

"Mimi, mwalimu. Kwa sababu aliniibia jaribio langu."

Mwalimu alimgeukia Yaretzi. "Haya, tueleze. Kwa nini yamekuwa ya kijani?"

Yaretzi alitazama viatu vyake. Mwalimu akanitazama mimi.

"Rangi ya mahindi ya bluu ni kiashiria," nikasema. "Inatuonyesha maji yana nini. Ndimu ni asidi, inaigeuza nyekundu. Chokaa ni besi, inaigeuza kijani. Besi kali inaunguza mdomo."

"Ni jaribio lake," Yaretzi akasema huku akilia. "Nilimwibia."

Wiki nzima nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Yalipokuja sikuyafurahia, maana nilikuwa namtazama Chuy akitafuna tango lake kavu, pilipili kidevuni.

Mwalimu aliandika jina langu kwenye jaribio. Kisha akatupa adhabu sote wawili: kuosha vyombo vya maabara mwezi mzima, tukiwa pamoja.

Bibi, ambaye alikuwa ukumbini pamoja na wazazi, alirudi nami nyumbani kwa njia ya kinu. "Haki ilikuwa yako," akasema. "Ungemwendea mwalimu na maji ya mahindi, ukamweleza kama ulivyoeleza leo, ungeipata kwa dakika mbili. Wewe ukachagua kisasi. Mjukuu wangu, chokaa haijui nani kakukosea. Inaunguza mdomo ulio karibu."

Yaretzi bado sijamsamehe, ila karatasi za chupa sitazigusa tena. Na asubuhi iliyofuata, bibi kabla hajasema neno, nilikuwa nimenawa mikono mara mbili.