Glorious Ashika Jembe

Kila Alhamisi, wakishamaliza kufagia uwanja, wanafunzi wa darasa la sita kijijini Maguu husomeana hadithi walizotunga. Alhamisi hiyo walikuwa roho juu. Kesho yake hadithi moja ingechaguliwa kwenda kusomwa kwenye mashindano Mbinga mjini, na Otilia aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Hadithi yake ilimhusu msichana aitwaye Glorious. Mvua kubwa ilinyesha, na shambani kwao ukabomoka ukingo wa ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili kuzuia maji. Mahindi yakaanza kuzolewa. Glorious akalia. Akasali. Akalia tena, mpaka mjomba wake akafika kwa bodaboda kutoka Mbinga, akauziba ule ukingo.

Mwalimu Pankras alitabasamu. "Umeandika kwa mwandiko mzuri, Otilia. Lakini hii ni hadithi ya mjomba. Glorious amefanya nini?"

Wenzake wakacheka. Otilia, ambaye ana hasira za karibu, alijibu kwamba Glorious ni mtoto mwenye adabu, na mtoto mwenye adabu husubiri wakubwa. Mwalimu hakubishana naye. Alimpa mpaka kesho asubuhi aiandike upya.

Otilia alifika nyumbani amevimba. Bibi yake, Tereza, alikuwa akipalilia mahindi, akamwambia amsomee hapohapo shambani. Otilia akasoma huku midomo imemning'inia.

"Mjukuu wangu, chakula kinakwenda na maji, yeye analia tu? Kwani jembe la kwao limeibwa?"

"Hajatumwa na mtu, Bibi."

"Adabu ni kuwaamkia wakubwa na kuwasikiliza. Haijamkataza mtu kuokoa shamba lao."

Basi Bibi akamsimulia. Alipokuwa na umri kama wake, kingo za ngoro zao zilibomoka wazazi wakiwa kanisani. Kwa haraka zake akaanza kuziba ukingo wa shimo la chini, maji ya juu yakamjia yote, akabingirika nayo mpaka kwa jirani. Akaamka, akapanda mlima, akaanza upya na shimo la juu. Otilia alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni hiyo aliandika upya. Sasa Glorious alishika jembe, akakosea, akaanguka, akapanda tena. Mjomba alipofika alikuta maji yametulia, na mpwa wake, tope mpaka masikioni, akamwamkia, "Shikamoo, Mjomba."

Ijumaa, Otilia alipofika pale Glorious anapoanguka, wenzake wote walisogea mbele kwenye madawati. Henry, aliyecheka kuliko wote jana yake, alishindwa kuvumilia akauliza, "Akaamka?"

Mwalimu Pankras alisubiri amalize, ndipo akaandika ubaoni jina la Otilia kuwa ndiye wa kwenda Mbinga.

"Jana tulimwonea huruma Glorious," alisema. "Leo tumemwogopea, kwa sababu ameamua jambo mwenyewe. Mhusika wako mpe kazi aifanye, hata akikosea. Na nyinyi wanangu, mkiona jambo mnaloliweza, lianzeni. Msikae mkingoja kuokolewa."