Mapazia Yaliyofungwa Mchana

Mtoto Jelmer alitoweka Jumanne, tarehe 7 Machi, akiwa na siku kumi na tisa. Wietske Dijkman aliwapigia simu polisi wa Zwolle saa nne asubuhi. Alisema aliingia bafuni saa tatu na nusu. Alipotoka, kitanda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma wazi. Mumewe, Jorrit, alikuwa kazini.

Mezani Inspekta Geertje Roelofs aliona kadi mbili. Ya Wietske ya kuchangia damu: AB. Ya kliniki ya mtoto: O.

Alimwendea Aukje, mdogo wake Wietske, aliyembebea dada yake mimba ya Jelmer. Alimkuta jikoni peke yake, akikamua maziwa kwa mashine.

"Wote mnanishuku mimi," Aukje alisema. "Tafuta basi, hata kabatini."

"Angekuwa hapa angenyonya, usingehitaji hiyo mashine. Ila mama wa AB hazai mtoto wa O. Yai lilikuwa la nani?"

Aukje alizima mashine.

"Tulipanga liwe la dada. Mimi nibebe tu. Hospitali waliniwekea viinitete vyao, mara tatu, vyote vikatoka. Dada hana mayai tena. Shemeji akaniomba tutumie njia nyingine: yai langu, mbegu zake, bomba la sindano, hapa hapa nyumbani. Dada tukamwambia cha tatu kimeshika."

Mzee Bouwe, anayeishi mkabala na nyumba ya Wietske, alikuwa na lake.

"Mapazia ya pale yalifungwa saa moja na nusu, mama. Mchana kweupe. Nikadhani kuna msiba."

"Na gari?"

"Lilitoka papo hapo. Likarudi saa nne kasoro robo."

Saa kumi jioni Geertje aliketi mbele ya Wietske.

"Saa tatu na nusu ulikuwa barabarani, si bafuni. Mtoto yuko wapi?"

"Kwa shangazi yangu, Urk. Kashiba, kalala."

"Kwa nini, Wietske?"

"Mwezi ujao mahakama ilikuwa isikilize ombi langu la kumwasili. Kwa sheria, mama ni aliyezaa. Nilijifariji kwamba damu ni yangu. Jana nikaisoma kadi ile ya kliniki." Alitazama dirishani. "Jorrit ana mwanawe. Aukje ana mwanawe. Mimi nani?"

"Ungemficha mpaka lini?"

"Sikufika huko. Nilitaka awe wangu siku moja tu."

Jelmer sasa anakaa kwa Aukje. Wietske anaruhusiwa kumwona kila Jumatano, saa nane hadi saa tisa, mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii.