Sitar Isiyo na Nyuzi

Mungu anisamehe, maana mimi ndiye niliyemshauri rafiki yangu Nalin avunje mwiko wa kwao. Katika ukoo wao wa wapiga sitar, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi, mpigaji akifa chombo chake huvuliwa nyuzi, na mwanawe hafungi nyingine mpaka siku ya kumi na tatu. Mwili wa baba yake ulikuwa umechomwa siku tisa tu zilizopita, na Nalin alialikwa kupiga kwenye tamasha mtaa wa Richmond Hill.

"Kapige tu, bwana," nilimwambia. "Kwani mzee ataamka akuchape?"

Alicheka, akatia nyuzi mpya mfukoni, akalaza sanduku la sitar kiti cha nyuma. Kule chini kwenye maegesho ya jengo analokaa taa zilikuwa zimezimika. Kabla hajawasha gari, alisikia uzi ukikazwa nyuma yake, polepole, ukilia, ukilegezwa, ukikazwa tena, vilevile kama baba yake alivyokuwa akitafuta sauti.

"Baba?"

Sauti ikakoma.

Akafungua sanduku kwa kupapasa. Sitar haikuwa na uzi hata mmoja. Ila vidole vyake viligusa ile pete ya waya ya kupigia, aliyomvisha marehemu kidoleni kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuchomwa. Ilikuwa bado ya moto.

Sanduku aliniletea mimi siku ileile. Liko nyuma ya hilo kochi ulilokalia. Nakuomba, ndugu yangu, usiondoke mpaka mke wangu Josephine arudi kutoka kanisani.