Jaketi Lililonukia Stroberi

Kila siku baada ya masomo, Nukta na Redio walikwenda moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, mabegi ya shule mgongoni, huku Redio akizungumza. Hayo hayakuwa majina yao ya kuzaliwa. Nukta aliitwa hivyo kwa sababu ya umbo lake dogo. Akisimama nyuma ya dawati ungedhani dawati limeachwa peke yake. Na Redio, basi, alikuwa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Aliweza kuzungumza hata akipiga mswaki, na hakuna aliyejua povu lilikuwa linakwenda wapi.

Waliishi katika jengo moja la ghorofa. Nukta alikaa chini na mama yake, ambaye alikuwa dobi. Redio alikaa juu na wazazi wake na mdogo wake wa kiume, mtoto mtundu aliyekataa dawa yoyote ya meno isipokuwa ile nyekundu ya watoto yenye ladha ya stroberi. Kwa ajili ya amani, nyumba nzima iliitumia hiyo hiyo. Nukta aliijua vizuri kwa sababu alikuwa amelala huko mara nyingi. Wasichana hao walikuwa chanda na pete tangu chekechea.

Kwenye bwawa hilo kulikuwa na klabu ya vijana ya kuzamia. Mkufunzi wao, waliyemwita Kocha tu, alikuwa mwanamke mrefu ambaye zamani alikagua nguzo za madaraja chini ya maji. Alikuwa amewaahidi kuwapeleka baharini likizo ikifika, wakazame kweli kweli na kuona samaki walipo. Wangesafiri kwa ndege ndogo, na rubani wa ndege ndogo hana masihara na mizigo. Kwa hiyo kila wanafunzi wawili wangebeba jaketi moja jepesi la kuelea na kulivaa kwa zamu, kwa kuwa Kocha angezama na mmoja mmoja.

Jaketi la kuelea si nguo ya baridi. Ni vazi la mzamiaji lenye mfuko wa hewa ndani yake, na mtungi wa hewa hufungwa mgongoni mwake. Ukibonyeza kitufe, hewa ya mtungi huingia kwenye jaketi na unapanda. Ukivuta kamba ya kizibo kilicho begani, hewa hutoka na unashuka.

"Msichague kwa macho," Kocha aliwaambia, akiyatandaza majaketi kwenye sakafu ya stoo. "Chagueni kwa mabega."

Redio hakusikia. Alikuwa ameshalinyakua la zambarau lenye mifuko kila upande. "Hili hapa! Angalia, Nukta, hata kitana kina mahali pake!"

Nukta akalivaa. Kocha akalishika mabegani na kulivuta juu kidogo, kama maji yanavyofanya, nalo likapanda mpaka masikioni mwa msichana.

"Jamani, Nukta yuko wapi?" Redio akapiga kelele. "Jaketi limemmeza!"

Wote wakacheka, Nukta mwenyewe akiwemo.

Likabaki la rangi ya chungwa, jembamba, ambalo likikunjwa halizidi mto wa kulalia. Lilimkaa Nukta vizuri, na mikanda ikilegezwa lilimtosha Redio pia. Kocha alilijaza hewa mpaka likakaza, akamwambia Nukta avute pumzi ndefu ili aone kama halimbani kifua. Halafu akamwambia afumbe macho na kuitafuta kamba ya kizibo kwa mkono. Nukta akaipata mara moja.

"Sasa sikilizeni. Jaketi hili ni jepesi kwa sababu halina bamba gumu mgongoni wala sponji nyingi. Kwa hiyo vizito vya risasi vya kumzamisha mzamiaji tutapunguza, maana lenyewe halielei ovyo. Lakini mtungi utayumba msipoufunga sawasawa. Lowesheni mkanda kwanza, ndipo mkaze. Mkanda uliokazwa ukiwa mkavu ukifika majini hulegea kama ahadi ya mvivu."

Nukta akaulowesha mkanda na kuukaza. Redio akalinyanyua jaketi kwa mpini wake na kulitikisa kwa nguvu. Mtungi haukusogea.

"Safi," Kocha akasema. "Limebaki jambo moja. Usiku huu lilale na hewa. Lijazeni, litundikeni, asiliguse mtu mpaka asubuhi. Likiamka limenywea, basi ni gonjwa. Nileteeni hivyo hivyo lilivyo. Jaketi lisilolala na hewa halipandi ndege."

Alisema yote hayo kwa sauti moja, lakini masikio ya watoto huchagua. Redio alirudi nyumbani akiwa amebeba maneno ya mwisho tu.

Nyumbani kwa Nukta kila kamba ilikuwa na shuka za watu, kwa hiyo jaketi lilikwenda kwa kina Redio. Walilipuliza kwa mdomo kupitia bomba lake, kwa zamu, mpaka mashavu yakawauma, wakalitundika bafuni.

"Nenda kalale," Redio akasema. "Nitalitunza kama yai."

Asubuhi, siku ya kwanza ya likizo, Nukta alipanda ngazi mbio. Jaketi lilikuwa pale pale, limejaa. Alilibonyeza kwa dole gumba, likakataa kubonyea, naye akaruka kwa furaha.

"Tunakwenda baharini!"

"Ndiyo," Redio akasema.

Neno hilo ndilo pekee Nukta alilolipata njia nzima. Alimtania mwenzake kwamba leo redio imeishiwa betri, lakini Redio aliangalia barabara tu. Nukta alidhani ni woga wa mtihani wa kina kirefu waliokuwa waufanye siku hiyo. Kama kuna kitu alichojilaumia baadaye, ni kwamba alimwonea huruma na kumbebea begi lake.

Bwawani Kocha alimkagua kila mmoja.

"Limelala na hewa?"

Redio aliinama kufunga kiatu ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Nukta akajibu kwa niaba yao wote wawili. "Limelala, Kocha. Nimelibonyeza mwenyewe asubuhi hii."

"Na wewe, Redio?"

"Kama alivyosema Nukta."

Nukta akalivaa, akaweka mdomo kwenye bomba la kupulizia ili kulijaribu, kama walivyofundishwa. Akaonja stroberi. Alitabasamu, akadhani yule mdogo wake Redio alilitafuna bomba kwa utundu wake. Kisha akaingia majini.

Chini kila kitu kilikwenda vizuri. Walipopanda juu, upande wa kina kirefu, Kocha alimpa ishara ya zoezi la mwisho: jaza jaketi, toa mdomoni kifaa cha kupumulia, elea. Nukta akabonyeza kitufe, akatoa kifaa, akafungua kinywa kuvuta hewa ya juu.

Nyuma ya bega lake kukasikika mapovu mengi. Jaketi lililokuwa limemshika kifuani likalegea ghafla, na vizito vikamvuta chini. Maji yakamwingia kinywani na puani. Hakuona ishara wala Kocha. Aliona mwanga wa juu ukienda zake. Alipapasa kiunoni, akashika vishikio vya mifuko ya vizito, akavivuta kwa nguvu zake zote. Risasi zikaanguka sakafuni mwa bwawa, naye akapanda juu akikohoa, na mkono wa Kocha ukawa umeshamshika kwapani.

Alipokaa ukingoni, amefunikwa taulo, alitapika maji. Kisha akainua uso. Wenzake wote walikuwa wamemzunguka wakimuuliza kama yuko salama, isipokuwa mmoja. Redio alisimama kwenye ukuta, mikono mdomoni. Ndipo ile ladha ikamrudia Nukta kwenye ulimi. Jana usiku walikuwa wamepuliza kabla ya mtu yeyote kupiga mswaki.

"Ulilipuliza," Nukta akasema. "Asubuhi. Ulipiga mswaki, ukalikuta limenywea, ukalipuliza."

Redio akaanza kulia. "Lilinywea kidogo tu, Nukta. Niliogopa. Kocha alisema halipandi ndege. Nilitaka twende wote."

"Nilikubebea begi!" Nukta akapiga kelele, na sauti ikampasuka. Alijua kwamba begi halikuwa jambo kubwa siku ile, lakini ndilo lililomchoma. "Ulinitazama nikimhakikishia Kocha. Ukaniacha niseme uongo nisioujua. Ukaniacha niingie nalo majini!"

Darasani waliwahi kufundishwa methali ya kikulacho ki nguoni mwako, na Nukta aliiandika kwa mwandiko mzuri akapata alama zote. Hakuwahi kudhani kwamba ingemhusu. Sasa aliielewa, na aliona heri angebaki hajui.

Kocha aliinuka. Alilichukua lile jaketi, akafungua kizibo cha begani, akatoa ndani yake kipete cha mpira chembamba kilichopasuka. Akaenda stoo, akarudi na mkebe, akauinamisha mbele yao. Ulikuwa umejaa vipete vya namna hiyo hiyo. Akachukua kimoja, akakipachika, akafunga kizibo. Kazi yote haikuzidi kumenya chungwa.

"Huu ndio ugonjwa wenyewe," akamwambia Redio. "Ungeniletea limenywea asubuhi, ningelitibu hapo hapo, na mngesafiri wote wawili. Sikusema nitawafukuza. Nilisema mniletee hivyo hivyo lilivyo."

Redio alitazama mkebe ule, na kilio chake kikazidi.

"Nukta," Kocha akauliza, "mwenzi wa mzamiaji ndiye macho yake ya mgongoni. Je, uko tayari kuzama ukikaguliwa na huyu?"

Nukta alikuwa hajawahi kufanya jambo lolote bila Redio. Alitikisa kichwa. "Hapana, Kocha."

"Basi safari hii Redio atabaki nyumbani. Lakini majaketi ya klabu nzima ataendelea kuyalaza yeye mpaka tuondoke, na hilo la chungwa likiwemo. Aliyebomoa ndiye atakayejenga."

Jioni hiyo Nukta alimlalamikia mama yake, aliyekuwa akipiga pasi. "Mama, Kocha anampaje tena jaketi langu? Yule si rafiki yangu. Sitaki hata kumwona!"

Mama akaiweka pasi pembeni. "Una haki ya kuumia, mwanangu. Mimi mwenyewe leo nimetetemeka nilipopigiwa simu. Sikulazimishi kumwamini. Ila mtu aliyeficha atajifunzaje kusema, kama hapewi tena kitu cha kutunza?"

Usiku Nukta alilala ameupa mgongo mlango, na juu ya dari, ambako siku zote alisikia sauti ya Redio ikipita chumba hadi chumba, palikuwa kimya.

Asubuhi mlango ulibishwa. Alikuwa Redio, macho mekundu, jaketi la chungwa limelala mikononi mwake kama nguo iliyotoka kufuliwa.

"Shikamoo, mama. Nukta… limenywea tena. Sijaligusa. Nililishika bomba, nikataka… lakini sijapuliza. Najua kesho kutwa ni safari. Samahani."

Alilibeba hivyo hivyo limelegea, barabara nzima mpaka bwawani, watu wakimwangalia. Mbele ya klabu yote alisema kwa sauti, "Kocha, limenywea." Kocha akalizamisha kwenye beseni na kulikamua. Mapovu madogo yakatoka mahali bomba la kupulizia linapoungana na jaketi, ambapo kishikizo kilikuwa kimelegea. Akakikaza kwa bisibisi.

"Ugonjwa wa pili," akasema. "Kile kipete kilikuwa kimetufichia huu. Leo ungepuliza tena, Redio, tungeugundulia baharini, na bahari haina sakafu ya vigae." Akawageukia wote. "Wanangu, jaketi bovu halimuui mtu aliyeambiwa kwamba ni bovu. Kinachoua ni kuambiwa ni zima. Mtu akikuletea habari mbaya mapema amekupa nafasi ya kuitengeneza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingine maradhi yenyewe ni ya kipande cha mpira."

Asubuhi ya safari, Redio alishuka tena na jaketi. Lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma. Nukta alilibonyeza kwa dole gumba begani, kifuani na mgongoni. Kisha, bila kumficha Redio, akainua bomba la kupulizia na kulinusa.

Redio aliona. Kwake ilikuwa sawa na kofi. Alisubiri mpaka Nukta alipomaliza.

Bomba lilinukia mpira tu.

"Limelala na hewa," Nukta akasema.

"Limelala," Redio akajibu.

Nukta akatoa hewa, akalikunja jaketi, akalitia kwenye begi. Alifika mlangoni, akasimama. Bado alikuwa na hasira, na alijua haitaisha kwa siku moja. Hata hivyo aligeuka.

"Nikirudi," akasema, "nitakusimulia samaki. Na wewe unyamaze mpaka nimalize."

Redio alifungua mdomo, akaufunga, akaitikia kwa kichwa.